Gego la Utoto na Jicho la Uyoka

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Zamani nilidhani methali hii ni ya wenye nyumba tu. Siku hizi kila mwalimu akiitaja darasani, ulimi wangu hukimbia wenyewe hadi upande wa kulia, taya la chini, palipo na pengo.

Kisa cha pengo hilo ni kifupi. Nilikuwa na miaka minane, na jino moja la nyuma lilikuwa limetoboka, likinikesha usiku. Nikapelekwa kutibiwa mahali fulani ambapo sitapataja. Aliyenitazama alimulika tochi mara moja, akasema, "Hili ni la utoto, litaota lingine." Ganzi, koleo, likatoka. Nyumbani magokoro, ndiyo kusema nyanya yangu, akanipa nilirushe juu ya mabati huku nikiomba jipya. Nikalirusha kwa nguvu zote. Leo niko kidato cha tatu na bado nangoja! Kumbe lile halikuwa jino la utoto hata kidogo. Lilikuwa gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota mtoto afikapo miaka sita hivi. Huota kimya kimya nyuma ya magego ya utoto bila kungoja jino lolote ling'oke, kwa hiyo wengi hulidhania kuwa mwenzao. Likitolewa, halina mrithi.

Simlaumu yule mtu. Nasema tu kwamba alitazama juu, na habari ilikuwa chini. Na hilo ndilo ninalotaka tulijadili katika makala haya. Kwa magego ya watoto, shimo unaloliona kwa macho haliwezi peke yake kukuambia kama jino lizibwe, livishwe kofia au ling'olewe. Jibu limo kati ya mizizi, ndani ya taya, na njia ya kulifikia bila kupasua ni picha ya eksirei. Wataalamu wa kamusi wametupa pia neno uyoka. Nitayatumia yote mawili, mwalimu asije akanikata alama.

Hebu tuhesabu kwanza. Mtoto ana meno ya utoto 20, kumi juu na kumi chini. Katika kila taya manne ni ya mbele, mawili ni chonge, na manne ni magego, mawili kila upande. Gego la kwanza la utoto huota mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na la pili likafuata kati ya miaka miwili na mitatu. Sasa sikiliza: magego hayo hayaanguki pamoja na meno ya mbele, yale yanayotuacha na mapengo tukiwa madarasa ya chini. Hukaa mpaka mtoto awe na miaka tisa, kumi, hata kumi na miwili. Kwa hiyo mtu akisema "ni ya utoto tu, yataanguka", muulize yataanguka lini. Mtoto wa miaka mitano ana miaka mingine mitano au sita ya kuyatafunia.

Tena yana kazi ya pili. Mizizi ya gego la utoto imepanuka kama miguu ya mtu aliyechuchumaa, na katikati ya miguu hiyo, ndani ya mfupa, jino la ukubwani linatengenezwa polepole, mithili ya yai chini ya kuku anayeatamia. Gego la juu linalinda nafasi. Likiondoka mapema mno, majirani husogea na kulala kuelekea pengoni, na yule wa chini akija kuota anakuta mlango umezibwa. Hapo ndipo meno huanza kupandana.

Ubaya ni kwamba magego haya huoza upesi kuliko ya watu wazima. Enameli yake, yaani lile ganda gumu jeupe, ni nyembamba, na kiini chenye neva na damu ni kikubwa kikilinganishwa na jino lenyewe. Safari kutoka shimo hadi neva ni fupi sana. Na kuna tofauti moja ambayo mimi sikuijua kabisa. Kwa mtu mzima, jino likifa usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi. Kwa gego la mtoto, uchafu mara nyingi hupenya sakafu ya jino na kula mfupa ulio katikati ya mizizi, palepale juu ya kichwa cha jino linaloatamiwa. Uambukizo ukikaa hapo kwa muda mrefu, jino la ukubwani laweza kuota likiwa na madoa ya manjano au kahawia, na enameli yenye mashimo. Madaktari huliita jino la Turner, kwa jina la daktari aliyelieleza mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi mwaka huu, likizo ya Aprili, zamu ikawa ya mdogo wangu wa miaka sita. Nyumbani kwetu ni upande wa Kebirigo, kwenye majani chai. Mtoto huyo ni mpenzi wa miwa na sukari guru, na chai hanywi mpaka iwe tamu kama asali. Alianza kutafuna upande mmoja tu. Halafu akaanza kulia usiku. Mama akasema twende Kisii, akanichukua mimi nimshikilie mtoto. Tukapanda matatu kupitia Nyamira, mdogo wangu kajifunga leso ya magokoro shavuni kama mzee.

Katika kliniki daktari alimkuta na magego mawili mabovu upande wa kushoto, chini, yamepakana. Lile la pili, la nyuma, lilikuwa na shimo la kutisha, jeusi, ambamo ungeweza kuficha punje kadhaa za wimbi. Lile la kwanza lilikuwa limemeguka kidogo tu ubavuni, kama ukingo wa kikombe kilichogongwa. Ungeulizwa wewe ni lipi baya, ungejibu nini? Mimi nilijibu moyoni bila kusita. Mama naye hakusita. "Daktari, yang'oe yote mawili turudi. Si ni ya utoto?"

Daktari akatabasamu. "Mama, ngoja kwanza tuone chini. Nikiyang'oa nimekisia."

Mama akaguna, kwa sababu picha ilikuwa na malipo yake na nauli ya kurudi ilikuwa imehesabiwa. Nilimwona akifungua na kufunga kibeti. Mwishowe akanitazama mimi, au niseme akalitazama shavu langu, akatoa pesa.

Kabla sijakueleza tulichokiona, wacha nieleze uyoka unavyofanya kazi, maana wengine wetu tunafanya fizikia na bado tunadhani ni kamera. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, profesa Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali isiyoonekana inayopenya vitu ambavyo mwanga wa kawaida hauwezi. Hakujua iitweje, akaipa jina la herufi X, kama tunavyofanya katika aljebra. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Picha ya eksirei kwa kweli ni kivuli. Miali hupita kwa urahisi katika shavu na ufizi, na huzuiwa na madini kama kalisi. Ndiyo maana enameli hutokea nyeupe sana, dentini iliyo chini yake kijivu-nyeupe, kiini cheusi, na mfupa hutokea kama wavu wa nyuzi nyeupe. Palipooza madini yamekwisha, kwa hiyo miali hupita na pahali hapo huwa peusi.

Hapa kwetu Gusii tuna historia ya kujivunia katika kutafuta yaliyofichika mfupani. Ababari, waganga wa jadi wa kupasua vichwa, walijulikana hata ng'ambo kwa kufungua kichwa cha mtu aliyeumia, kuukwangua mfupa, na mgonjwa akapona akaenda zake. Lakini omobari, hata awe hodari namna gani, alilazimika kuipasua ngozi kwanza ndipo auone ufa. Uyoka huuona ufa ngozi ikiwa imefungwa. (Mwalimu wetu wa historia anasema niandike makala nzima juu ya ababari mwakani. Tutaona.)

Haya, turudi kitini. Mdogo wangu alivishwa aproni nzito yenye risasi. Kifaa kidogo chembamba chenye ukubwa wa stempu kikawekwa ndani ya kinywa, kati ya ulimi na magego, naye akaambiwa aume kishikio. Mara ya kwanza akatapika-tapika, akakitema. Daktari akamwambia apumue kwa pua huku akihesabu vidole vya mguu vilivyomo ndani ya kiatu. Akahesabu kwa Ekegusii hadi nne, na kazi ikawa imekwisha. Picha yenyewe huchukua chini ya sekunde moja. Linganisha na Otto Walkhoff, Mjerumani aliyepiga picha ya meno yake mwenyewe Januari 1896, majuma machache tu baada ya habari za Röntgen kuenea: alitulia kwa dakika 25!

Daktari alipiga picha mbili. Ya kwanza ni ile ya kuuma, inayoonyesha vichwa vya magego ya juu na ya chini pamoja, nzuri kwa kugundua uozo uliojificha kati ya jino na jino. Ya pili ilishuka hadi ncha za mizizi. Zikatokea kwenye kompyuta, naye akatugeuzia kioo tuone.

Jameni, nilishangaa. Lile gego la kutisha lenye shimo jeusi lilikuwa na utepe mweupe wa dentini nzima kati ya shimo na kiini. Kati ya mizizi yake mfupa ulikuwa mzima, wavu wake haujakatika. Uozo ulikuwa umefika mahali ukapunguza mwendo, na dentini imejikaza. Lile lililomeguka kidogo, ambalo mimi nililiona la heri, uozo wake ulikuwa umepita ubavuni, ukachimba chini kwa chini mpaka ndani ya kiini. Kati ya mizizi palikuwa na wingu jeusi, mfupa umeliwa. Daktari aliinua shavu akatuonyesha kijipu kidogo kwenye ufizi, kama chunusi, ambacho sote hatukukiona. Ndilo hilo lililokuwa likimliza usiku.

Chini ya kila gego tuliona kichwa cha jino la ukubwani likingoja. Mizizi yake ilikuwa haijaanza kujengeka vizuri, na mfupa wa kutosha ulikuwa bado umelifunika. Daktari alieleza kwamba hicho nacho ni kipimo. Jino likiwa limeshajenga nusu au zaidi ya mzizi wake, linakaribia kuota na pengo halitakaa sana. Likiwa bado changa kama haya, pengo litangoja miaka. Na nyuma kabisa, likichungulia ufizini, palikuwa na gego la miaka sita, ndugu wa lile lililotupwa juu ya mabati. Lile halikuwa na mtu chini yake. Mfupa mtupu. Nilinyamaza hapo.

Uamuzi basi ukawa kinyume cha nilivyokisia. Gego dogo zuri likang'olewa. Gego baya la kutisha likaokolewa. Ndilo lililokuwa na thamani zaidi, kwa sababu gego la pili la utoto ndilo ukuta unaoliongoza gego la miaka sita lisimame wima. Likiondoka wakati huo, gego jipya husogea mbele upesi na kula nafasi. Daktari alilisafisha, akalivisha kofia ya chuma kisichoshika kutu iliyobandikwa kwa saruji ya meno, bila sindano na bila kekee. Njia hii ilitokana na kazi ya daktari wa Uskoti, Norna Hall, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Kofia huzima chakula cha vijidudu vilivyobaki, uozo unakosa nguvu, na wakati wake ukifika jino huanguka pamoja na kofia yake. Lakini haivishwi ovyo. Lazima picha ionyeshe ule utepe mweupe juu ya kiini na mfupa mzima katikati ya mizizi. Ukilivika kofia jino lililokufa, umefungia usaha ndani ya nyumba.

Najua kuna msomaji anayeuliza, je, miali haina madhara kwa mtoto? Swali zuri, na historia yake si ya mchezo. Daktari wa meno C. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa waliotangulia kutumia uyoka Marekani, alizoea kushika filamu kwa vidole vyake ndani ya vinywa vya wagonjwa. Saratani ikala vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 akajiua kwa mateso. Ndiyo sababu leo aliyepiga picha hutoka au husimama mbali, wala hashiki kitu kinywani mwa mgonjwa. Kiasi cha miali nacho kimepungua mno. Picha moja ndogo ya meno huwa na mikrosieverti chache, kwa kawaida chini ya 10. Kila mmoja wetu hupokea kutoka ardhini, angani na katika chakula wastani wa mikrosieverti 2,400 kwa mwaka, yaani kati ya sita na saba kila siku. Kwa hiyo picha moja ni kama siku moja ya kuishi duniani. Hata zile aproni, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilisema mwaka 2024 kwamba si lazima tena, mradi miali ielekezwe barabara, ingawa tulikokwenda sisi bado zinavaliwa. Nchini Kenya mashine za eksirei zinahitaji leseni. Sheria ya zamani ilikuwa Sura ya 243 ya mwaka 1982, na ya sasa ni ile ya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya kudhibiti nyuklia.

Lakini udogo si ruhusa ya kupiga ovyo. Gego lililokwisha legea, mtoto ana miaka kumi na moja na analicheza kwa ulimi, la kulipigia picha ni nini? Kanuni niliyoipenda ni hii: kama jibu la picha halitabadilisha uamuzi, picha isipigwe.

Na picha yenyewe si malaika. Ni kivuli bapa cha kitu chenye pande zote, meno yakifunikana huficha uozo. Uozo halisi huwa umekwenda mbali kuliko unavyoonekana, kwa kuwa madini mengi lazima yapotee kwanza ndipo weusi utokee. Tena picha haiwezi kukuambia kama neva inaumia. Hilo anajibu mtoto, au mama aliyekesha naye. Jino linaloshtuka kwa kitu baridi kisha likatulia, hilo huenda bado lina uhai. Jino linaloamsha mtoto saa nane za usiku bila kuguswa, hilo kiini chake kina taabu kubwa. Daktari wa mdogo wangu aliuliza maswali haya yote kabla hajaigusa mashine, nami nikadhani anapoteza wakati.

Tusijidanganye, si kila zahanati huku kwetu ina mashine. Nyingine zina tochi na koleo. Hapo napo kuna la kufanya. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu wa Tanzania walishuhudia mwanzo wa njia ya kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji inayoshikamana na jino, bila umeme. Mholanzi Jo Frencken aliianzisha akiwa huko, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994. Inafaa sana kwa mashimo madogo yasiyofika mbali, yale ya juu ya jino hasa. Kwa magego yaliyooza vibaya, yenye ubavu uliobomoka, mzazi na aombe kuelekezwa penye picha. Ila ukimwona mtoto shavu limevimba hadi jicho au shingo, ana homa, au anashindwa kumeza, usingoje picha wala kesho. Mkimbize hospitali usiku huohuo, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo huweza kuziba koo.

Mdogo wangu sasa ana jino la kumeta na amelionyesha kijiji kizima. Gredi ya kwanza wanamwita tajiri. Kabla hatujaondoka, Mama aliomba daktari anitazame na mimi. Alikuta gego langu la pili la ukubwani limeanza kulala kuelekea pengoni, akaniambia nirudi lipimwe.

Miadi ya mdogo wangu ni Oktoba. Daktari atapima pengo lililoachwa na lile gego la kwanza, na akiona limepungua atamwekea waya wa kushikilia nafasi. Mama ameandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, chini ya siku za kupeleka majani chai, na mbele yake ameandika majina mawili.